Tusimcheke aliyepiga kamsa ya simba

Mnamo Mei 2022, maafisa watatu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), bunduki mikononi, waliwasili katika kijiji cha Kinyana, Meru, kisicho mbali na Mbuga ya Mlima Kenya. Walikuwa wameitwa kwa dharura. Mfanyakazi wa boma moja alikuwa ameona kichwa cha simba kikichungulia kutoka katika ua wa miti, akamwarifu mwajiri wake, na habari ikawafikia wenye mamlaka. Maafisa wakasogea kwa hadhari kuu. Walichokikuta uani hapo kilikuwa mkoba wa dukani wenye picha ya simba! Mwenye boma alikuwa ametia humo miche ya avokado ili isikauke.

Kisa hicho kilienea hata kikavuka mipaka. Vyombo vya habari vya ughaibuni vilikitangaza, na kwa siku kadhaa wananchi wakapata la kuchekea. Kicheko si haramu, na katika nchi yenye dhiki nyingi kama yetu huwa ni dawa. Hata hivyo, baada ya kicheko kuisha yatupasa tuulize: ni nani hasa tuliyekuwa tukimcheka, na kwa kosa gani? Yule mfanyakazi aliona kitu chenye umbo la kichwa cha simba, mahali ambapo wanyama wa mwituni si ngano za kubuni. Hakukimbilia mkuki wala hakukaa kimya. Alipiga kamsa. Walioitwa wakaja, wakachunguza, wakaupata ukweli, wakaenda zao. Hakuna mtu aliyejeruhiwa na hakuna mnyama aliyeuawa. Kwa maoni yangu, kisa cha Kinyana ni mfano wa jinsi mambo yanavyopaswa kwenda.

Linganisha, msomaji, na yaliyotokea tarehe 19 Aprili 2025. Katika ranchi inayopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi upande wa kusini, simba aliingia katika makazi ya watu akamnyakua msichana wa miaka 14, mwanafunzi wa shule ya msingi. Mwili wake ulipatikana karibu na mto Mbagathi. Hapo hapakuwa na mkoba wala picha. Mbuga hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1946, imezungushiwa ua katika pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi ili wanyama wapate kupita kuelekea nyanda za Kitengela. Nyanda hizo leo zimejaa nyumba, maduka na shule. Kwa hiyo mkazi wa Rongai au Kitengela anaposema kuwa ameona simba alfajiri akiwapeleka watoto shuleni, uwezekano wa kuwa anasema kweli si haba hata kidogo. Wenyeji wa Isinya nao hawajamsahau simba dume aliyepigwa risasi huko Machi 2016, baada ya kuzingirwa na umati na kumjeruhi mtu mmoja.

Ni vyema tukumbuke kwamba kamsa za namna hii hazisikiki Afrika pekee. Hata nchi zisizo na simba wala chui mwituni huwaona. Kwa miaka mingi wakazi wa Bodmin, katika jimbo la Cornwall huko Uingereza, wamedai kuona paka mkubwa mweusi akizurura nyikani na kuua kondoo. Malalamiko yalizidi hata serikali ikaamuru uchunguzi rasmi. Ripoti ya Wizara ya Kilimo iliyotolewa mwaka 1995 ilisema kuwa hapakuwa na ushahidi wa kuthibitika wa kuwapo kwa mnyama huyo, lakini ikakiri pia kuwa haikuweza kuthibitisha kwamba hayupo. Muda mfupi baadaye mvulana mmoja akaokota fuvu katika mto Fowey. Watu wakashangilia. Wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London walipolichunguza, waligundua kuwa ni fuvu la chui kweli, ila ndani yake mlikuwa na kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto. Fuvu hilo lilikuwa limeingia Uingereza likiwa sehemu ya zulia la ngozi ya chui!

Si hao tu. Agosti 2012, polisi wa jimbo la Essex walirusha helikopta wakimtafuta simba aliyedaiwa kuonekana karibu na kijiji cha St Osyth. Hakupatikana, na wengi wakaamini kuwa aliyeonwa alikuwa paka mkubwa wa nyumbani. Julai 2023, vitongoji vya kusini mwa Berlin, Ujerumani, vilitikisika kwa sababu ya video iliyopigwa usiku. Wananchi waliombwa wasitoke majumbani, polisi wakasaka msituni, na siku ya pili yake wakuu wakatangaza kuwa yule "simba jike" yamkini alikuwa nguruwe mwitu.

Basi iwapo Mjerumani mwenye polisi, helikopta na wataalamu anaweza kumwona simba ndani ya nguruwe, kwa nini mfanyakazi wa Kinyana afanywe kichekesho? Jicho la binadamu hujaza pengo kwa kile ambacho akili inakiogopa. Hiyo ni hali ya maumbile, wala si upungufu wa elimu au wa rangi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati yetu na wao. Kwa mkazi wa Cornwall, swali ni moja tu: yupo au hayupo? Akikosea, hasara yake ni kuchekwa. Kwetu sisi swali la kuwapo lilikwisha kujibiwa. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa Kenya ina simba 2,589. Maswali yetu ni mengine: ni mnyama gani, yu wapi sasa, ameonwa na nani, na ni nani atakayekuja? Hapa kwetu kukosea kwa upande mmoja huleta kicheko, na kukosea kwa upande wa pili huleta matanga. Jamii yenye busara huchagua kukosea upande wa kicheko.

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baadhi ya wasomi huidharau methali hii wakidai kwamba inahalalisha uvumi. Naona hawajaielewa. Methali haisemi kwamba kila lisemwalo ni kweli jinsi linavyosemwa. Inasema kwamba usemi una chanzo, na kwamba mwenye hekima hukitafuta chanzo hicho. Tazama yaliyotukia Laikipia. Kwa muda mrefu wenyeji walisimulia habari za chui mweusi. Mwaka 2018 watafiti waliyasikia masimulizi hayo, wakaongeza kamera zao katika sehemu zilizotajwa huko Loisaba, na mnyama akanaswa katika picha. Mapema mwaka 2019 dunia nzima ikatangaziwa habari hiyo kana kwamba chui huyo alizaliwa siku alipopigwa picha. Ukweli ni kwamba kamera zilitegwa pale kwa sababu kuna walioamini kauli ya wenyeji kiasi cha kwenda kuichunguza. Hawakuimeza nzima nzima, wala hawakuitupa.

Fasihi yetu wenyewe ililitafakari jambo hili zamani. Katika mkusanyiko wa hadithi za Waswahili wa Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, mna kisa cha Sultani Majnuni na paka wake. Paka huyo alianza kwa kula ndama. Watu walipopeleka malalamiko, sultani aliwapuuza kwa hoja kwamba paka ni wake na mfugo ni wake. Paka akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, kisha akaanza kula watu, na bado sultani hakushtuka. Siku paka alipowala wana wa sultani mwenyewe, ndipo sultani alipotambua kwamba huyo hakuwa paka tena, bali ni nunda, mla watu.

Mwanaisimu hawezi kukisoma kisa hicho bila kutua. Mnyama ni yule yule tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika ni jina, na jina lilibadilika siku hasara ilipobisha mlango wa mwenye kutawala. Maadamu aliyeliwa alikuwa ndama wa mnyonge, neno lililotumika lilikuwa "paka". Je, hatuyaoni hayo leo? Mbuzi wa mfugaji maskini akiuawa, husemwa kuwa hilo ni "tukio". Simba akikatiza barabara katika mtaa wa wenye nacho, huwa ni "hatari kwa usalama". Tuchunge maneno yetu, kwa sababu hupima thamani ya watu kabla hatujatambua kuwa tunawapima.

Hadithi hiyo ina funzo la pili. Mwana mmoja wa sultani aliazimia kumsaka nunda. Aliua mnyama mmoja baada ya mwingine, tangu mbwa na fungo hadi ndovu, na kila alipomleta mmoja nyumbani mama yake alimjulisha kuwa huyo siye. Hakukata tamaa, hadi alipompata mnyama ambaye alama zake zililingana na zile alizoelezwa. Kwa maneno mengine, jina lilikuja mwishoni, baada ya maelezo kulinganishwa. Sisi tumezoea kutanguliza jina.

Kutanguliza jina kuna gharama. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo cha mtu, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo nayo hufidiwa, ila kwa masharti. Sharti dai lithibitishwe, mnyama aliyehusika awe miongoni mwa waliotajwa na sheria, na mwenye mfugo awe amechukua hatua za kumlinda. Chui yumo katika orodha hiyo. Mbwa koko hayumo. Hivyo basi mjane aliyepoteza kondoo watano, akasema "chui" ilhali nyayo zilizobaki ni za fisi, huenda akaonekana mwongo mbele ya kamati, ingawa fisi naye yumo katika sheria na hasara ya mama huyo ni ya kweli. Neno moja lililotangulia uchunguzi laweza kumharibia haki yake.

Matatizo ya lugha hayaishii hapo. Chukua neno "duma". Wapo wanafunzi wengi, na hata watu wazima, ambao huonyeshwa picha ya chui wakasema ni duma, au ya duma wakasema ni chui. Tena ushahidi wenyewe hupita katika lugha kadhaa. Mzee wa Kiembu au Kikuyu humtaja ngarĩ, Mkamba humtaja ngo, Mjaluo humtaja kwach. Kijana wake hutafsiri kwa Kiswahili, askari huandika kwa Kiingereza katika kitabu cha matukio, na mwandishi wa habari hurejesha tena kwa Kiswahili. Chui aliyeanza safari hiyo asubuhi akiwa chui anaweza kufika gazetini jioni akiwa duma. Hapo hakuna aliyedanganya, ila ukweli umepotea njiani.

Kisha kuna sarufi. Vichwa vya habari hupenda kusema: "Simba aonekana mtaani". Walimu wa Kiswahili wanajua kwamba hiyo ni kauli ya kutendeka, na kwamba kwa kawaida kauli hiyo haimtaji mtenda. Tungetumia kauli ya kutendwa, tukasema "simba ameonwa", msomaji angeuliza papo hapo: ameonwa na nani? "Ameonekana" humwondoa shahidi, na shahidi akiondoka swali la umbali, mwanga na saa huondoka naye. Hali kadhalika "inasemekana" na "inadaiwa". Maneno haya yana kazi yake ya halali, hasa mahakamani. Lakini yakitumiwa kuficha uvivu wa kumtafuta aliyeona, hugeuka pazia. Siku hizi hali imezidi kuwa mbaya, kwani picha ya simba iliyopigwa nchi nyingine hupelekwa kwa simu ikiwa na jina la mtaa wetu, na kila aipokeaye huituma kwa mwenzake. Aliyeiona kwa macho yake hayupo kabisa.

Walimu, hapa ndipo mnapohitajika. Katika somo la insha tumewafundisha wanafunzi kupamba, na si vibaya. Tuwafundishe pia kushuhudia. Mwanafunzi aandike aya moja ya alichokiona, bila jina la mnyama, kisha aya ya pili ya anachokidhani, pamoja na sababu zake. Ulikuwa wapi na saa ngapi? Palikuwa na hatua ngapi kati yako naye? Alikuwa na ukubwa wa kitu gani unachokifahamu? Rangi, masikio na mkia vilikuwaje? Aliacha nini nyuma? Mtoto aliyezoea kutenganisha "nimeona" na "nadhani" hatafaidika katika habari za wanyama tu. Atafaidika akiitwa shahidi kortini, akisoma matokeo ya uchaguzi, na akipokea uvumi wa aina yoyote.

Maarifa ya kuyajibu maswali hayo si magumu. Simba mzima ana rangi moja ya kahawia na kishungi cha manyoya meusi kwenye ncha ya mkia. Madoa ya chui yamekusanyika mfano wa maua, na huenda akapandisha windo lake mtini. Duma ni mwembamba, madoa yake ni meusi ya mviringo yaliyotengana, na ana mistari miwili myeusi itokayo machoni hadi mdomoni mithili ya machozi. Mondo ni mdogo zaidi, mwenye masikio makubwa na mkia mfupi. Katika nyayo, simba na chui huficha kucha zao watembeapo, kwa hiyo alama za kucha kwa kawaida hazionekani. Duma, fisi na mbwa huziacha. Mwanafunzi aambiwe pia kwamba uchunguzi huu hufanywa kutoka mbali au baada ya mnyama kuondoka. Hakuna insha inayostahili kulipiwa kwa uhai.

Serikali nayo ina wajibu wake. Mwananchi aliyepiga simu astahili kujibiwa mara mbili: kwanza kwa maafisa kufika, pili kwa kuelezwa walichokikuta, hata kama ni mkoba. Jibu la pili ndilo tunalolisahau mara kwa mara. Mtu asiyeelezwa hubaki na hofu yake, na mtu aliyechekwa hatapiga simu tena. Anapoacha kupiga simu, hubaki na njia mbili, kunyamaza au kuchukua silaha. Mei 2023, katika kaunti ya Kajiado, simba wapatao 10 waliuawa katika muda wa wiki moja. Sita kati yao waliuawa kwa siku moja huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Mwingine alikuwa Loonkiito, simba dume wa umri wa miaka ipatayo 19, aliyechomwa mikuki alipoingia katika boma la mifugo. Nchi iliomboleza simba, na ilikuwa haki kuomboleza. Wachache waliuliza habari za mbuzi. Mfugaji anayeamini kwamba kilio chake kitasikika kabla ya usiku wa manane ana sababu ya kuuweka mkuki chini. Asiyeamini hana.

Katika vitabu vya shule mna hadithi ya mvulana mchungaji aliyezoea kulia kwa uongo kwamba mifugo imevamiwa, hata siku alipolia kwa kweli hakuna aliyetoka. Tumeifundisha miaka nenda miaka rudi kwa lengo la kuwaonya watoto dhidi ya uongo. Ni funzo jema. Lakini mwalimu aisomapo tena hadithi hiyo darasani, na awaulize wanafunzi swali moja zaidi: mwishoni, kondoo walioliwa walikuwa wa nani? Walikuwa wa kijiji kizima. Wanakijiji walikuwa na haki ya kumkasirikia mvulana, ila ghadhabu yao haikuwarudishia kondoo hata mmoja.

Mfanyakazi wa Kinyana, tofauti na mvulana huyo, hakusema uongo. Alisema alichokiona, kwa jina alilolijua, naye akawaachia wenye bunduki na utaalamu kazi ya kuthibitisha. Kesho mwingine atapiga kamsa, huenda Rongai, huenda Laikipia, huenda kando ya shule unayofundisha, mwalimu. Twende tukatazame. Tukikuta mkoba, tucheke pamoja naye, kisha tumshukuru. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kijiji hakilindwi na watu walioona aibu kupaza sauti.